Siku ya Mvua Simu Haikataliwi

“Mamdogo, kwenu mvua ikinyesha mnampigia nani simu?”

Upendo, mtoto wa dada yangu, aliniuliza hivyo akiwa na miaka sita, kutoka nyumbani kwao jangwani, kaskazini mwa Saudia. Mimi nilikuwa jikoni kwetu Moshono, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nina shahada ya jiografia. Ningeweza kumweleza safari nzima ya mvua, tangu inapoanzia baharini mpaka inapogonga mteremko wa Mlima Meru. Lakini mnampigia nani? Hatumpigii mtu. Mvua ikinyesha tunaanua nguo. Nilimwambia nitafikiria, nikakata simu, lile neno “kwenu” likabaki masikioni. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya hapa hapa Arusha alikuwa anaiita Moshono “kwenu”.

Mwezi mmoja baadaye dada Elifuraha aliomba niende. Mimba yake ya pili ilikuwa inamsumbua, na mumewe, shemeji Isaria, alikuwa anashinda kazini kwenye shamba kubwa la ng’ombe wa maziwa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, na sababu yangu haikuwa mimba peke yake. Mama na dada walikuwa hawajazungumza kwa miaka minne.

Mama yetu ni mwalimu mstaafu na mzee wa usharika. Nyumbani kama darasani, ukivunja kikombe alikusamehe, ukisema hukukivunja alikuchapa. “Uongo hauna mdogo,” alikuwa akisema. Basi miaka minne nyuma, dada alipoona Mama hatakubali mjukuu apelekwe Uarabuni, alimuaga kwamba anakwenda semina Dodoma wiki moja. Akambeba Upendo mgongoni, akapanda ndege kumfuata mumewe. Alipopiga simu kutoka kule, Mama alisikiliza sentensi mbili, kisha akasema, “Aliyeniaga anakwenda Dodoma, anipigie kutoka Dodoma.” Tangu siku hiyo namba ile ya nje ikitokea kwenye simu yake, aliiacha iite mpaka ichoke. Habari zote zilipitia kwangu. Nilikuwa nimechoka kuwa daraja, na nilitaka mtoto wa pili asizaliwe ndani ya ukimya ule.

Siku ya kuondoka, Januari, asubuhi na mapema, Mlima Meru ulikuwa wazi tangu msituni hadi kileleni, bila wingu hata moja. Mama alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba pamoja na jirani yetu, Mama Kundaeli, wakichota maji ya mfereji.

“Nimwambie nini dada?” nilimuuliza.

“Sina salamu.”

“Mwalimu!” Mama Kundaeli alimshambulia. “Mtoto anapanda ndege, unampa mkono mtupu?”

Mama akainama kuchota. “Uangalie kama mtoto anakula,” akasema. Kisha, nikiwa nimeshageuka, “Na uangalie wanavaa nini. Nasikia kule kuna baridi.”

Nilicheka njia nzima hadi uwanja wa ndege wa KIA. Nilijua, kwa kitabu, kwamba jangwa hupoa sana wakati wa kipupwe, maana halina mawingu wala majani ya kulifunika. Nilijua pia kwamba mimi ni mtu wa Arusha, ambaye Julai huoga maji ya baridi kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Baridi gani tena ya kunitisha? Nilibeba sweta moja jepesi, kwa heshima tu.

Riyadh nilifika usiku, nikalala hotelini. Kesho yake shemeji Isaria alikuja kunichukua kwa gari, na tukaelekea kaskazini kwa njia ya kwenda mji wa Hail. Kwa saa nyingi hapakuwa na kitu dirishani. Nasema hapakuwa na kitu kwa kuwa macho yangu yalikuwa bado ya Moshono, yanatafuta mgomba, bati, mama mwenye ndoo. Baada ya saa ya tatu yalianza kuona. Mchanga ulikuwa mwekundu, kisha wa rangi ya samli, kisha mweusi wa kokoto. Kivuli cha wingu dogo kilivuka bonde zima taratibu bila kukutana na chochote cha kukizuia. Sikuwa nimewahi kuona kivuli cha wingu tangu mwanzo wake hadi mwisho. Nilinyamaza, jambo ambalo Isaria alilitambua.

“Shemeji, unaumwa? Dakika kumi hujauliza swali.”

“Nani alikudanganya kwamba hapa panafaa kufuga ng’ombe?”

“Sasa umepona,” akasema.

Alfajiri ya kwanza shambani ndipo kitabu changu kiliponiacha. Nilitoka mlangoni na sweta langu la heshima, hewa ikanipiga usoni kama mlango uliofungwa kwa hasira. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mchanga, mweupe, kiasi cha kiuno cha mtu, na ng’ombe mamia walisimama ndani yake wakitoa mvuke puani, kana kwamba kila mmoja alikuwa na jiko tumboni. Kwenye ndoo ya maji palikuwa na utando wa barafu. Niliutoboa kwa kidole, nikautoboa tena mahali pengine, kwa kuwa sikuliamini tundu la kwanza. Ndama walikuwa wamevaa makoti, makoti kabisa, yenye vifungo kifuani.

Isaria alikuwa ndani ya joho zito lenye manyoya ya kondoo kwa ndani, ambalo wenyeji huliita farwa. “Nikimwambia baba yangu kule kijijini Poli kwamba huku ndama anavaa koti,” alisema, “atauliza nimeanza lini kunywa.” Akavua joho lake, akanifunika.

Kujua baridi na kutetemeka, nilijifunza siku hiyo, ni vitu viwili. Na cha kunishangaza zaidi ni kwamba saa sita mchana nilikuwa nimevua kila kitu nilichovaa alfajiri, isipokuwa gauni. Jua lilipozama, baridi ilirudi mara moja, haikuwa na muda wa kupiga hodi. Nyumba yao ilijengwa kwa ajili ya joto. Sakafu ya vigae, madirisha yasiyobana, hita moja ya umeme ambayo familia iliizunguka jioni kama wageni wanaomzunguka bibi harusi. Dada alikuwa mjamzito wa miezi sita, miguu imevimba, soksi mbili mbili. Nilimpikia mtori wa ndizi za dukani ambazo hazikuwa na ladha ya ndizi. Alikula akalia, akasema ni pilipili. Sikuweka pilipili.

“Mama anasemaje?” aliuliza kila jioni, akijifanya anatazama hita.

“Anauliza mtoto anakula?”

“Mimi je?”

Nilimwambia apige simu mwenyewe, aombe radhi. “Nimepiga mara ngapi, Glory? Hapokei. Nikifa na mtoto huyu tumboni utamwambia wewe, maana wewe unapokelewa.”

Wiki ya pili, Jumatatu jioni, simu za watu wote zililia kwa pamoja: tahadhari, mvua inakuja, shule zimefungwa. Upendo aliruka juu ya kochi. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini.

“Shule inafungwa kwa mvua? Sisi tulikwenda kwa miguu, matope mpaka magotini, na ukichelewa bibi yako anakusubiri mlangoni na fimbo.”

“Bibi yangu ana fimbo?” Upendo aliuliza kwa macho ya furaha. Alikuwa hamjui.

Jumanne, saa saba mchana, upande wa magharibi uligeuka kahawia. Ukuta wa vumbi ulitoka ardhini hadi mbinguni, ukaja bila sauti. Ng’ombe wote waligeuza vichwa kwa wakati mmoja. Giza likaingia, upepo ukafuata, kisha vumbi likapita na nyuma yake ikaja mvua. Tone la kwanza lilianguka kwenye mchanga mbele ya mlango, likaacha shimo la ukubwa wa sarafu. Halafu harufu. Nimeisikia harufu hiyo maisha yangu yote bila kuigeukia, na pale ilipanda kutoka kwenye ardhi iliyoisubiri karibu mwaka mzima, nzito kiasi kwamba niliivuta kwa kinywa. Wafanyakazi wa shamba, watu wa nchi tano au sita, walitoka nje na kusimama kwenye mvua mikono imening’inia. Hakuna aliyekimbia. Mimi pia nilisimama, na kwa mara ya pili katika safari ile sikuwa na swali.

Saa kumi jioni mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Jirani yao, Umm Salim, mke wa msimamizi wa shamba, alikuja na gari lake kutuchukua twende kuona maji. Ndiyo, kuona. Barabarani magari yalikuwa yamejipanga kama ya harusi. Bonde ambalo jana yake nilikuwa nimelivuka kwa viatu vikavu lilikuwa mto, mwekundu, unabeba vichaka vizima, na kandokando yake watu walikuwa wametandika mazulia juu ya kokoto zilizolowa, wanachemsha kahawa chini ya miavuli. Wazee wenye ndevu nyeupe walisimama ukingoni wakitazama maji yanavyopita, kama sisi tunavyotazama mtoto anayejifunza kutembea.

Umm Salim aliketi na simu. Alimpigia baba yake, kisha dada zake mmoja mmoja, kila mara akipaza sauti na kuonyesha mto kwa mkono, ingawa hawakumwona. Kisha akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Alipomaliza alifuta macho. Upendo, aliyejua Kiarabu kuliko Kiswahili, alitutafsiria.

“Huyo ni wifi yake. Waligombana kwenye harusi, zamani.”

“Muulize, na kama wifi asingepokea?” nilimwambia.

Wakazungumza. “Anasema siku ya mvua simu haikataliwi. Ukiikataa, umeikataa mvua.”

“Muulize imeandikwa wapi.”

Umm Salim alicheka mpaka kahawa ikamwagika. “Anasema, Mamdogo, kwenu kila kitu kimeandikwa?”

Dada hakucheka. Alikuwa anautazama mto. Upendo akamvuta mkono.

“Mama, tumpigie Bibi.”

“Bibi hapokei simu yangu.”

“Lakini inanyesha!”

Sikuamini sheria ya Umm Salim hata kidogo. Mama hakuwahi kuisikia, na sheria usiyoisikia haikufungi. Nilitaka kumzuia dada asijiumize mbele ya watu. Lakini tayari alikuwa ameshapiga, na ameweka sauti ya juu ili Upendo asikie. Iliita mara nne. Mara ya tano ikapokelewa.

Nilisikia mtu anapumua.

“Shikamoo, Mama,” dada akasema. Akangoja. “Mama, huku kwetu mvua inanyesha.”

Kukawa kimya kirefu hadi nikaangalia kama mtandao umekatika. Kisha nikasikia, wazi kabisa, maji yakianguka juu ya majani ya mgomba, sauti ambayo hakuna mtu wa Moshono anayeweza kuichanganya na nyingine.

“Marahaba,” Mama akasema. “Huku pia inanyesha. Hata mlima hauonekani.” Akakohoa. “Na wewe na hiyo hali yako umekaa nje kwenye baridi? Umevaa nini?”

Dada akanisogezea simu. Nilijibu mimi, nikataja soksi mbili mbili na farwa. Upendo akanyakua simu, akasema shikamoo yake kwa Kiswahili kilichovunjika, na Mama akaitikia marahaba tatu. Nilifikiri: mvua Januari? Lakini siku hizi mvua haina kalenda, na nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu.

Nilirudi Arusha siku kumi baadaye. Ndege iliposhuka KIA miteremko ya mlima ilikuwa ya kijani kiasi cha kunichekesha, kijani cha mtu asiyejua thamani ya alichonacho. Moshono ardhi ilikuwa kavu, vumbi hadi kizingitini. Nilidhani jua la siku kumi limeshafanya kazi yake. Mama hakutaja simu ile. Aliniuliza habari za mto: ulikuja na sauti gani, watu walisimama wapi, Upendo aliogopa? Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Tangu hapo namba ya nje ikitokea, anapokea kwa mlio wa kwanza.

Mwezi wa sita walikuja wote wanne, mtoto mchanga akiwa mikononi mwa dada. Mama aliwasubiri getini tangu saa mbili, wakati ndege ilikuwa inatua saa nane.

Mwaka uliofuata walirudi tena, kwa ajili ya ubatizo wa yule mdogo. Siku moja kabla, tulikaa uani na Mama Kundaeli tukimenya ndizi za sherehe, mikono imeshakuwa myeusi kwa utomvu. Nilikuwa namsimulia lile bonde la jangwani, na jinsi bahati ilivyofanya mvua inyeshe huku na kule saa ile ile.

Mama Kundaeli aliacha kisu. “Mvua gani? Januari ile? Tulikuwa tunagombania zamu ya mfereji, mwanangu. Nilikuwepo. Jua linachoma, mama yako yuko pale kwenye migomba na ndoo yake ya mwisho. Simu ikalia, akaitazama, akaitazama, akapokea. Akasikiliza. Halafu akainua ndoo juu ya kichwa, akaimwaga yote juu ya majani. Nikasema huyu Mwalimu amepatwa na nini. Ndipo nikamsikia anasema, huku pia inanyesha.”

Nilitazama jikoni. Mama alikuwa ndani, anamfundisha Upendo kuosha mchele.

“Na alipokata simu alikwambia nini?” niliuliza.

“Hakuniambia kitu. Alichukua ndoo, akarudi mferejini kuchota tena.”