Bahasha Aliyoikalia Delaney

Delaney Hutto, binti wa mfugaji wa kambare kule Alabama, hakuwahi kuogopa mlango mpaka Agosti ile alipoingia chuo. Ilikuwa wiki ya kuchaguana, wasichana wapya wanazungushwa nyumba kwa nyumba, kila nyumba na udada wake, yaani chama cha wasichana wanaoishi pamoja na kuitana dada. Mlango wa kwanza ulipofunguliwa, wasichana themanini walikuwa wamejipanga ndani ya fremu, kichwa juu ya kichwa, wakiimba na kupiga makofi kwa pigo moja. Delaney akapigwa na butwaa, jasho likimtiririka mgongoni.

"Mama yangu! Hawa wanapumua saa ngapi?"

"Wakishahitimu," alijibu Maryn.

Maryn Ashcraft, wa mwaka wa nne, ndiye aliyekuwa akiliongoza kundi lao. Naye alikuwa na nyumba yake, ila desturi ilimtaka aifiche asije akawavuta wageni. Tangu Machi alikuwa amefuta picha zake zote mtandaoni na kuvua kidani chenye nembo ya nyumba, na akipishana na dada zake wa nyumba hiyo njiani anawapita kama hawajui.

Wiki ilikuwa ya kuchubuka visigino. Unaulizwa unatoka wapi, unasomea nini, unajibu mara arobaini kwa tabasamu lilelile, na kila jioni kuna nyumba zinazokukata kwenye orodha zao. Kufikia Jumamosi Delaney alibakiwa na mbili. Kwenye ile ya nguzo nyeupe, aliyokuwamo shangazi yake Lurleen enzi zake, walimwashia mshumaa, wakamwimbia polepole, na msichana aliyekaa naye akatokwa na machozi ya kweli. Delaney alitoka akigeuka nyuma kila hatua. Hakujua kama watu wanaweza kupendana hivyo hadharani. Kwenye ile ya matofali, mwisho wa barabara, msichana mmoja alimuuliza kambare mgonjwa anajulikanaje, akasikiliza jibu lote mpaka barafu ikayeyuka kwenye chai yake.

Ikabaki kujaza fomu ya mwisho, ya kutaja nyumba anazozitaka.

"Naandika moja tu," Delaney alisema. "Ya nguzo."

"We mtoto, usithubutu. Ukiandika moja nao wakakukataa, huna nyumba. Kila mwaka kuna wanaojiponza hivyohivyo."

"Sasa dada, ile ya matofali si ya waliokosa pa kwenda? Kila mtu anasema."

Maryn akajisugua shingo pale palipokaa kidani zamani. "Andika zote mbili, mdogo wangu. Zipange utakavyo."

"Ungekuwa wewe, ungeenda wapi?"

"Mimi simo."

Delaney akaandika ya nguzo kwanza, kisha ya matofali, shingo upande.

Waliokosa kabisa hupigiwa simu Jumapili kabla ya saa nne asubuhi, wasije wakaumbuka uwanjani. Delaney aliipakata simu yake kama kifaranga. Saa nne ikapita kimya, akashusha pumzi.

Uwanjani walikuwa zaidi ya elfu mbili, kila mmoja amekalia bahasha yake yenye jina la nyumba iliyomchukua, na hakuna ruhusa ya kuinuka kabla ya hesabu kwisha. Tatu, mbili, moja! Mayowe yakapanda hadi mbinguni. Delaney akachana yake.

Matofali.

Iliuma. Alilia waziwazi, akamtafuta Maryn apate pa kuegemea. Akamkuta anavua fulana ya uongozi, na chini yake amevaa fulana ya nyumba ya matofali. Uso wa Delaney ukawaka kwa aibu.

"Dada! Mbona hukuniambia?"

"Niliapa."

"Na mimi nikakutukana hivyo!"

"Ulinitukana vizuri sana, tena bila kusitasita." Maryn alikuwa akicheka. "Haya, kimbia, wanatungoja nyumbani. Miezi mitano sijawakumbatia wenzangu."

Delaney akamtazama kwa mshangao uliomkausha machozi. Wasichana themanini kuimba kwa sauti moja aliona ni ajabu. Huyu alifunga kinywa peke yake, na neno moja tu lingetosha kumtetea. Akafungua mdomo aombe radhi, lakini Maryn alishatangulia, anakimbia huku analia kwa sauti kuliko wote, na Delaney akatimua mbio kumfuata.