‘Walinisifu nikiwa naumwa’: Msusi wa Toi na vidonge vya kunenepesha

Saa nne asubuhi, kibanda cha mabati pembeni mwa Soko la Toi kimeshajaa wateja. Wayua Ndeti anasuka akiwa ameketi kwenye stuli ndefu. Zamani alisuka akiwa wima kutwa nzima, lakini siku hizi miguu haimbebi.

Mteja wake, msichana wa mtaa wa Olympic aitwaye Nyawira, anajitazama kwenye kioo na kutabasamu.

“Si nimejaza mashavu? Kuna vidonge natumia. Mwezi wa pili huu.”

Vidole vya Wayua vinasimama. Anaomba kuona vidonge hivyo. Nyawira anatoa mkobani kipande cha gazeti kilichofungiwa vidonge vidogo vyeupe, bila jina wala maelezo.

“Hivi hivi ndivyo vilivyotaka kuniua,” Wayua anasema.

Msichana anashtuka, anataka kuvitupa mtaroni. Wayua anamshika mkono. “Usitupe, na usiache ghafla. Nikimaliza hizi laini mbili za nywele tunaenda kwa daktari. Mimi niliacha tu, nikaanguka.”

Wayua, mwenye umri wa miaka 33, alizaliwa Kitui. Anaishi Kawangware na mumewe Victor, fundi wa mjengo, pamoja na watoto wao wawili. Siku njema anaondoka kibandani na shilingi mia nane. Siku mbaya anarudi nyumbani mikono mitupu.

Alikuwa mwembamba tangu utotoni, na baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa pili akakonda zaidi. Mtaani maneno hayakuisha. Wengine walimuuliza kama mumewe hamlishi. Wengine walinong’ona kwamba ana ugonjwa anaouficha.

“Nilikuwa nakunywa chai asubuhi, nasuka mpaka jioni, kisha nawagawia watoto kwanza,” anasema kwa uchungu. “Hakuna aliyeniuliza, Wayua, umekula?”

Ndipo jirani akampeleka kwa Mama Antony, mwuzaji wa Kawangware aliyepanga vidonge vyake mezani kati ya nyanya na sabuni. “Hii ni ya kuongeza appetite, hamu ya kula tu,” Mama Antony alimwambia. “Utanishukuru.”

Na kweli, alimshukuru. Njaa ilimshika isiyo na breki, uso ukaviringana, tumbo likatokeza. Mtaa mzima ukashangilia. “Wayua, umetoka poa!” “Sasa huyo ni mama!” Hata kanisani walimpongeza Victor kwa kumtunza mkewe.

Lakini mwili ulijaa huku nguvu zikihama. Nyama iliota kisogoni, mikono na mapaja vikazidi kusinyaa. Akigongwa kidogo, ngozi ilivilia damu. Kupanda mlima wa kwenda kwake kukawa kama kubeba gunia.

Alipoingiwa na hofu, siku moja aliacha kumeza vidonge, bila kumwambia mtu. Baada ya siku chache alianza kutapika, macho yakaingia giza, akaanguka mlangoni pa kibanda. Marion, anayesuka naye, alimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari.

“Alikuwa baridi kama samaki wa friji,” anakumbuka Marion. “Nilijua amekufa.”

Hospitalini, Daktari Khamala alimweleza kilichomsibu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hutoa homoni inayoongoza jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, inayosaidia kushikilia shinikizo la damu, na inayompa mtu nguvu ya kuhimili maradhi.

“Vidonge vyako vilikuwa na homoni ya kiwandani inayofanya kazi hiyo hiyo, tena kwa wingi,” daktari alimwambia. “Ubongo ukaona imejaa kwenye damu, ukaziambia tezi zipumzike. Zikalala. Ulipoacha ghafla, ukabaki huna ya kidonge wala ya kwako.”

Dawa yenyewe, alisema, huokoa watu wengi, wakiwemo wenye pumu kali, ikipimwa na kusimamiwa. Si kitu cha kuuzwa kando ya nyanya.

Hasira ilimpanda Wayua palepale kitandani. Alipopata nguvu kidogo, alimchukua Marion wakaenda moja kwa moja kwa Mama Antony.

“Nilikushika shingo umeze?” mwuzaji akafoka.

“Hukuniambia ni nini!”

“Mimi nauza. Kujua ni kazi ya daktari.”

Watu walikusanyika, na wengi wao, Wayua anasema, walicheka. Alipokwenda kushtaki kwenye ofisi moja ya serikali, aliombwa risiti.

“Risiti!” anapaza sauti, wateja kibandani wakigeuka. “Nani amewahi kupewa risiti ya vidonge vya gazeti? Mtu ananiua halafu mimi ndiye natakiwa kuleta ushahidi?”

Siku chache baadaye meza ya Mama Antony haikuwepo. Wayua hakufurahi hata kidogo, kwani alisikia imehamia mtaa wa Sarang’ombe, kwa wateja wapya wasiojua lolote.

Leo bado anameza dawa za hospitali, zinazopunguzwa taratibu huku tezi zake zikiamka. Daktari amemwambia huenda ikachukua mwaka au zaidi. Uso umeanza kurudi ulivyokuwa, na maneno ya mtaani nayo yamerudi: “Umekonda tena, mama. Kuna shida?”

Safari hii hanyamazi. Amewashawishi wasusi wenzake wa Toi wamwalike Daktari Khamala aje kuongea nao, maana wanawake humwambia msusi wasichomwambia mume. Anataka kila kibanda, kuanzia Toi hadi Kawangware, kiwe na mtu wa kuuliza, “Hivyo vidonge umevitoa wapi?”

Juzi jirani mmoja alimtazama binti wa Wayua, wa miaka minane, na kutikisa kichwa. Mtoto ni mwembamba mno, akasema, atafutiwe dawa.

“Nilimwambia ukimwonea huruma mtoto wangu, mletee chapati na maharagwe,” anasema Wayua. “Ale hapa mbele yako, uone kama atabakisha.”