Alama ya Chaki Mgongoni

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kushika watu wasianguke. Nikisema hivyo mbele ya Watanzania wenzangu hapa Guangzhou wanacheka, maana wao wamekuja kushika mizigo. Mimi ni kocha msaidizi wa jimnastiki wa timu ya wasichana ya chuo kikuu kimoja cha hapa. Nilikuja kwa ufadhili kusomea elimu ya michezo, kijana wa Singida niliyejifunza sarakasi kwenye uwanja wa shule ya msingi, juu ya magunia yaliyojazwa pumba. Nilipomaliza masomo chuo kikaniomba nibaki mwaka mmoja. Mwaka huo haujaisha mpaka leo.

Msaidizi, kwa asiyejua, ni mtu wa magodoro. Anayatandika asubuhi, anayakunja jioni. Anaweka ubao wa kurukia, na msichana akishaning'inia anaukwapua ubao upesi usije ukamvunja miguu wakati wa kushuka. Timu ikitaka kupiga picha, yeye ndiye anayepewa simu azipige. Ningependa kuandika kwamba sikulalamika. Nililalamika sana, ila kwa Kiswahili, na ukumbini mwetu hapakuwa na aliyekielewa.

Kazi yangu hasa ilikuwa kwenye vyuma. Ni fito mbili ndefu, moja juu na moja chini, tunaziita vyuma ingawa siku hizi si chuma. Msichana anabembea kwenye chuma cha juu, anakiachia, anapinduka hewani, anakidaka tena. Kati ya kuachia na kudaka hana kitu chochote duniani isipokuwa mtu aliyesimama chini yake, mikono juu. Mtu huyo ni mimi.

Kocha mkuu wa siku zile alikuwa mama mfupi, nywele fupi, maneno mafupi. Moyoni nilimwita Mama Mkuu, kama masista wa kwetu. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Kabla ya zamu ya vyuma alichukua bonge la chaki, ile wanayopaka wasichana viganjani wasiteleze, akanipaka mimi mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Wasichana walivaa nguo nyeusi za kubana. Wiki za kwanza za mtindo mpya nilimshika msichana mzima mzima, akashuka mgongo mweupe kama aliyeangukia kwenye unga. Baadaye nilimgusa kwa kiganja kimoja, baadaye kwa vidole viwili, na mwishoni mkono ulibaki hewani tu, karibu naye bila kumfikia. Msichana hakuambiwa ni siku gani mkono ulimwacha. Alipotua, Mama Mkuu alimgeuza akamtazama mgongo. Siku ukiwa mweusi mtupu alisema "hao", yaani vizuri, na wenzake wakapiga makofi. Nilizipenda sana siku hizo. Ni kazi ya ajabu, mtu unafurahi kwa sababu hukufanya kitu.

Mwaka wangu wa sita nilimkosa mmoja. Aliachia mapema, mkono wangu ukafika pale alipokuwa ameshapita. Aliangukia kiwiko, na sauti ya kiwiko kile nikiikumbuka mpaka leo naacha kula. Hakurudi tena kwenye jimnastiki. Mama Mkuu alikagua magodoro, akatazama video, akaniambia kosa halikuwa langu. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Tangu siku ile mikono yangu ikawa na haraka. Mazoezini nilianza kuacha alama migongoni mwa wasichana ambao hawakunihitaji, na Mama Mkuu akawa ananitazama.

Miaka michache baada ya hapo akaja binti wa Nansha. Baba yake aliendesha winchi ya kupakua makontena kule bandarini, na yeye mwenyewe alikuwa na mabega ya kupakua makontena. Alikuwa mtu wa maswali. Kila akitua, kabla hajapumua, aliniuliza, "Mwalimu, umenigusa?" Nami namwonyesha viganja, kama vile viganja vinaweza kutoa ushahidi. Nilimpenda yule binti. Alinikumbusha dada zangu, ambao nao wakitaka jibu hawabanduki.

Alitaka kuwa kocha. Kwa hilo alihitaji shahada ya pili, na kwa alama zake za darasani, ambazo hata yeye alizicheka, mlango ulikuwa mmoja tu. Chuo kilikuwa kinampa nafasi bila mtihani mwanamichezo atakayemaliza kati ya watatu wa kwanza katika mashindano ya vyuo. Alikuwa mwaka wa mwisho. Timu nzima ilijua, na mama yake alikuja kutoka Nansha na chupa tatu za supu.

Sheria za mashindano ni hivi: kocha anaruhusiwa kusimama chini ya vyuma, lakini akimgusa mchezaji, pointi nzima inakatwa, na ule mtindo unahesabiwa kama haukufanyika. Kwa hiyo unasimama pale kama mlinzi asiye na bunduki. Siku ile nilipakwa chaki kama kawaida, kwa mazoea tu. Mgongo wa binti ulikuwa mweusi kwa miezi miwili mfululizo. Alibembea, akaachia, akapinduka. Nikaona kitu. Niliona kiuno kimechelewa kidogo, au nilidhani nimekiona, na kabla sijaamua lolote mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafika.

Alikidaka chuma. Aliendelea mpaka mwisho, akatua miguu ikaganda chini bila hata hatua moja, akainua mikono kwa waamuzi akitabasamu. Mwamuzi wa mezani alikuwa ameshainua kijikaratasi chake.

Alimaliza wa nne. Aliponijia hakuwa analia. Alinigeuzia mgongo.

"Mwalimu, kuna alama?"

"Ipo," nikamwambia.

Vidole vitano, wazi kabisa. Akavaa jaketi lake, akafunga zipu mpaka shingoni, akaenda kwa mama yake.

Jumapili iliyofuata baada ya ibada nilikutana na dada mmoja wa Kahama, mfanyabiashara ambaye kila baada ya miezi michache huja kununua nguo kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Tumejuana tangu wote wawili tulipokuwa wembamba. Mimi humsaidia kuongea na wenye maduka, na yeye huniletea karanga za nyumbani. Siku ile alikuwa na hasira zake.

"Kocha, hawa malaoban, wenye maduka hawa, wamenichosha. Nimemwambia mmoja pianyi, apunguze bei kidogo tu, na nachukua dazeni sitini, ananijibu bu xing, haiwezekani, hata hajaangalia order yangu. Na wewe vipi, mbona uso umekuwa hivyo?"

Nikamsimulia.

"Sasa huyo mtoto alikuwa anaanguka au alikuwa haanguki?"

"Alikuwa anaanguka."

"Basi umemwokoa. Tatizo liko wapi?"

Nikamjibu kwamba tatizo halipo. Jibu hilo nilikaa nalo miaka tisa. Nilimpa Mama Mkuu, niliwapa wasichana waliofuata, nilimpa mke wangu kwa simu. Alikuwa anaanguka. Nikilisema kwa sauti lilisimama vizuri. Nikiwa peke yangu nakunja magodoro lilikuwa linayumba. Kama hakuwa anaanguka, basi nilimchukulia maisha yake kwa mkono huu ninaoandikia, na sikuwa na mtu wa kumuuliza zaidi ya yeye. Kumuuliza yeye sikuthubutu.

Habari zake nilizipata kwa vipande. Alifundisha michezo shule ya msingi huko huko Nansha. Alijaribu mtihani wa shahada ya pili akashindwa, akajaribu tena akapita, akaenda kusoma mkoa mwingine. Kisha mwaka juzi Mama Mkuu akastaafu, na asubuhi moja tukaitwa ukumbini kumpokea kocha mkuu mpya. Akaingia na mabega yake yale yale.

Niliogopa, niseme wazi. Kibali changu cha kuishi kinategemea mkataba wa chuo, na mkataba wa msaidizi hausogei bila saini ya kocha mkuu. Nina zaidi ya miaka hamsini. Mtoto wangu wa mwisho bado anasoma nyumbani kwa mshahara huu. Kazi nyingine ninayoijua ni sarakasi, na magoti yangu hayataki hata kuisikia. Nilibeba fomu ya kuongeza mkataba mfukoni wiki nzima mpaka pembe zikajikunja. Nilipoona hakuna dalili ya yeye kuniulizia, nikamfuata baada ya mazoezi, wasichana wakiwa wameondoka. Alikuwa amekaa kwenye godoro chini ya vyuma anafuta bonge la chaki kwa kitambaa.

Nikampa fomu. Akaiweka juu ya goti bila kuisoma.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ile ile ya zamani, "siku ile nilikuwa naanguka?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, limelala pale miaka tisa, tena lingenisaidia. Nikamtazama, nikaliacha.

"Sijui," nikasema.

Nikaona niseme lote.

"Kabla yako kuna mwenzio nilimkosa, akavunjika kiwiko. Tangu hapo nikawa namdaka yeye kila siku. Siku ile mkono wangu ulimwendea yeye, ukakukuta wewe. Inawezekana ulikuwa unaanguka. Inawezekana pia kwamba nilikuharibia bure. Nisamehe."

Alikigeuza kile kitambaa upande mwingine, akafuta tena chaki ambayo ilikuwa safi tayari.

"Hata mimi sijui," akasema. "Video nimeitazama mara nyingi sana. Pale penyewe mkono wako umeziba, hapaonekani."

Akaweka saini. Nikaanza kupumua, lakini hakuirudisha fomu.

"Mazoezini utasimama pale pale, hakuna anayewafundisha kuachia kama wewe. Kwenye mashindano nitasimama mimi."

Nilisema sawa, akanirudishia fomu. Iliniuma kama kunyang'anywa mtoto, na ilikuwa haki. Nilikwenda kituo cha metro kwa miguu nikipita nje ya mlango wa chuo, wauza viazi vitamu wakiniita, nikiwa na mkataba mfukoni na hamu ya kula sina.

Mwaka ule wa kwanza tulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Utaratibu wa chaki aliurudisha, maana Mama Mkuu uzeeni alikuwa ameuacha. Alinipaka mikono mwenyewe, mpaka viwikoni, bila kunitazama usoni. Msichana akitua alimgeuza. Tulikuwa na mmoja wa mwaka wa pili, mwoga, ambaye nilimshika tangu vuli mpaka baada ya sikukuu za mwaka mpya. Nilipunguza mkono taratibu mno, mpaka nikawa siamini mwenyewe. Mara tatu wiki ile mgongo ulikuwa mweusi. "Hao," akasema kocha mkuu, na kwa mara ya kwanza aliniangalia mimi.

Mashindano yalifanyika mwezi uliopita. Dada wa Kahama alikuwa mjini, mzigo wake umeshapelekwa Nansha unangoja meli, akasema anataka kuona hicho kitu ninachokifanya miaka yote. Tukakaa kwenye viti vya watazamaji, safu ya katikati, yeye na mfuko wa karanga.

"Sasa mbona hauko pale chini?"

"Leo niko likizo."

"Likizo gani hata kitini hukai?" Akanimiminia karanga viganjani vyote viwili. "Shika hizi, upate kazi."

Yule msichana wetu mwoga akapanda. Kocha mkuu aliukwapua ubao wa kurukia, akasimama chini ya vyuma, mikono ameifunga nyuma. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Hakuna aliyempaka chaki siku ile, lazima alijipaka mwenyewe. Msichana akabembea mara moja, mara ya pili, akaachia.

Karanga zangu zote ziliishia shingoni kwa mzee wa kiti cha mbele. Mikono yangu ilikuwa juu, hewani, mbali na kila mtu. Na kule chini, katika sekunde ile ile, niliona mikono ya kocha mkuu imetoka mgongoni kwake na kupaa. Ilisimama karibu kabisa na kiuno cha msichana, pasipoweza kupita kitu zaidi ya karatasi. Ikaganda pale. Msichana akadaka chuma, akaendelea kubembea, mgongo mweusi.

"Alikuwa anaanguka?" dada akaninong'oneza.

Msichana alikuwa ameshatua, anapigiwa makofi, na kocha mkuu bado alikuwa amesimama mikono juu, anaitazama kama vitu vya mtu mwingine. Kisha akageuka kwenye viti, akatafuta safu kwa safu mpaka akaniona. Mikono yangu pia nilikuwa sijaishusha.