Wagonjwa Wawili, Dawa Mbili

Mgongo wangu uliharibiwa na dereva wa lori la majani chai, aliyerudi nyuma bila kuangalia pale kwenye kituo cha kuuzia chai huku kwetu Gesima. Huyo ni wa kwanza kati ya walioniumiza. Wa pili ni mume wangu, na nikifika hapa watu huniambia ninyamaze.

Mifupa iliunga, maumivu yakabaki. Yalishuka mguu wa kushoto kama maji ya moto, na baadaye roho nayo ikaanza kuugua. Nilikuwa nakaa jikoni, natazama moto unazimika, sioni sababu ya kuuchochea. Nikaanza kufikiria mambo ambayo mama wa watoto hapaswi kuyafikiria. Chai ikakomaa shambani ikawa ngumu. Mimi naiangalia tu.

Daktari wa Kisii mjini akanipa tembe za aina mbili, nyeupe na ya manjano. Alisema nyeupe ni ya mishipa, ya manjano ni ya huzuni na pia inatuliza maumivu. Kipimo cha kila moja alikifanya kidogo makusudi, zisinilevye, lakini nikizimeza pamoja jioni zitasaidiana. Nikameza. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kupata usingizi. Asubuhi moja nikajikuta nachuma chinsaga ya mboga na hakuna aliyenituma.

Sasa mama mkwe, omong'ina mwenyewe, alikuwa na magoti yake yanayomuuma. Akakaa mlangoni, akasema bila kunitazama, "Boma hii kuna mtu anameza dawa mbili, na kuna mtu hana hata moja."

Mume wangu akaona haya. Kwetu huwezi kula ndizi na mama yako anaangalia. Akaniachia nyeupe, akampelekea mama yake ile ya manjano.

"Baba watoto, hizo zinaenda pamoja."

"Zinaenda wapi? Wagonjwa wawili, dawa mbili. Hata mzee wa kanisa hangegawanya vizuri hivyo."

Wa tatu ni huyo mzee wa kanisa. Nilimwendea aongee na mume wangu. Akaniuliza kama ni kweli ile ya manjano ni ya kichwa. Nikakubali.

"Basi mama, shukuru imetoka kwako. Kitu kinachogusa akili ni ndugu ya chang'aa."

Huyu mtu hanywi chai kwa sababu ya imani, na shamba lake lote ni chai. Sijui anafikiri wanaoinywa huko mbali ni nani.

Moto ukarudi mguuni, na yale mawazo yakarudi nayo. Nikalala kitandani, uso ukutani, chakula kinaletwa na kinaondolewa. Omong'ina naye akawa anasinzia mchana kutwa, magoti yanauma vilevile, mpaka siku moja akaanguka akitoka chooni, mkono ukateguka. Hapo ndipo mume wangu akashtuka. Mimi nilikuwa sijaanguka vya kutosha.

Akatupeleka sote kwa daktari, na njiani mpaka tunapita Keumbu bado ananilaumu. "Dawa yako imemwangusha mama."

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, mke wako umempa jembe, mama yako umempa mpini. Sasa unaniuliza mbona shamba halijalimwa?"

Omong'ina akacheka, na mkono umefungwa. Akapewa dawa yake ya magoti. Mimi nikarudishiwa zangu zote mbili.

"Nilikuwa nafanya haki," mume wangu akasema. Haki. Nilikuwa karibu kufa kwa haki yake.

Siku hizi nachuma chai mpaka mgongo useme imetosha. Jioni omong'ina huniletea maji, akasimama hapo mpaka azione tembe zote mbili zimeingia mdomoni. Pole hajasema. Mume wangu naye huwasimulia wageni habari ya jembe na mpini, kama vile ni yeye aliyeisema.