Siku Herio Ilipohama

Mtu akiniuliza nilikwenda kufanya nini katika kituo cha wazee, namjibu kwamba nilimpeleka mama. Ndivyo ilivyokuwa, lakini si habari yote. Nimestaafu ualimu, magoti yananilalamikia nikiinuka kwenye mswala, na siku ya kwanza yule nesi kutoka Mwingi, anayekuja kutupima presha, alinikamata mkono akanifunga kile kitambaa chake kabla sijafungua kinywa. "Mimi nimemsindikiza mama tu," nikamwambia. Akasema, "Sawa, shosho, lakini presha yako iko juu kuliko ya mama." Loo! Nilimnunia mpaka chai ikaisha.

Kituo chetu ni ua mpana wa mchanga, upande wa kuteremkia mto Tana. Zamani palikuwa bohari la mahindi. Akina mama wa mtaa walipaomba, wakapapaka chokaa, wakatandika mikeka, na sasa kila asubuhi wazee huletwa pale kwa tuktuk wakae pamoja, badala ya kukaa peke yao chini ya mabati watoto wao wakiwa kazini. Wanaume hukaa kwenye kivuli cha ukuta, huchora mistari mchangani wakacheza shax kwa vijiwe, na huibiana vijiwe mchana kweupe. Wanawake husuka mikeka. Juu ya paa husimama wale korongo wakubwa wenye vipara, siku nzima, hawasemi neno.

Wakati nilioupenda ni ule baada ya swala ya adhuhuri, kabla ya alasiri, jua linapokuwa kali hata mbwa hawabweki. Tulijinyoosha mikekani wote, macho nusu. Hakuna aliyelala, hakuna aliyekuwa macho. Mtu angetaja silanga fulani, bwawa alikonyweshea mbuzi alipokuwa msichana. Mwingine angeitikia kutoka upande wa pili kwamba maji yake yalikuwa matamu, mwingine kwamba miti ya pale ilikuwa na utomvu wa kutafuna, sauti zikipokezana hivyo polepole, mpaka ukahisi maji yenyewe yanakufikia miguuni. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, nimesahihisha insha za mvua nisizoweza kuzihesabu. Hakuna hata moja iliyonilowesha namna ile.

Mama alikuwa akilala ukingoni mwa mkeka, mgongo kwangu. Kusahau kulimjia kidogo kidogo. Alianza kusahau sufuria jikoni, kisha akasahau majirani, kisha siku moja asubuhi nilimpelekea uji akaupokea kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante sana, mwalimu. Watoto wako hawajambo?"

Nieleze jambo moja. Sisi Wasomali, mtoto humwita mama yake hooyo, na mama naye humwita mtoto wake hooyo vilevile. Neno linakwenda na kurudi baina yao, na mtu akiwa na mvi kichwani bado mama yake akimwita hivyo anakuwa mdogo tena. Mimi ni kifungua mimba. Niliitwa hooyo kabla ya kuitwa kitu kingine chochote. Na sasa mama, ndani ya nyumba yangu, ananiita mwalimu, kama dereva wa tuktuk na muuza maziwa wanavyoniita! Ananisalimu kwa adabu, ananisogezea kiti, ananiomba ruhusa ya kwenda msalani. Wallahi, afadhali angenitukana. Nilitaka aniite hooyo mara moja tu kabla Mungu hajachukua kilicho chake, na kila jioni nilikaa mbele yake nikimwita, "Hooyo. Hooyo." Naye aliitikia kwa tabasamu la kumfurahisha mgeni.

Kitu kimoja hakukisahau: kuhama. Alizaliwa upande wa Kotile, na huko radi ikionekana mbali, wanawake ndio hufungua nyumba zao za fito, watu waifuate mvua. Kila umeme ulipomulika, hata ukiwa mbali upande wa Somalia, mama aliinuka akaanza kazi. Alishusha mapazia. Alikunja mikeka. Alifunga sufuria zangu kwa leso na kuzipanga mlangoni, akaketi juu ya godoro lililokunjwa, anangoja ngamia. Mimi nilirudisha kila kitu mahali pake, nikinung'unika. Kesho yake anga likimulika, tunaanza tena.

Sasa kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kuisha na kila mtu amechoka kutazama juu, kituo hufanya sherehe ya kuikaribisha mvua ya Gu. Wanawake husimamisha herio katikati ya ua. Herio ndiyo nyumba yetu ya kuhamahama, fito zilizopindwa zikafungwa kwa kamba na kufunikwa mikeka waliyoisuka mwaka mzima. Wageni huja kutoka ofisi za serikali, watoto wa shule huletwa waone jinsi bibi zao walivyoishi, watu hula nyirinyiri, nyama iliyokatwakatwa ikakaangwa mpaka ikakauka, na kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Mwaka huu Idd ilikuwa imepita juzijuzi, hina bado mikononi mwa wanawake, na mimi, kwa kuwa mwalimu hastaafu kusimamia, nilikuwa msimamizi.

Jamani, nilisimamia! Nilipanga viti. Niliwakemea wazee wa shax wazoe vijiwe vyao. Mmoja wao, mtu wa Lafey aliyeendesha malori ujana wake wote na asiyeweza kutamka P hata umlipe, alimwambia nesi, "Bima mimi kwanza, leo mwalimu amebandisha bresha ya kila mtu." Nikajifanya sikusikia.

Herio ilisimama asubuhi. Fundi wa fito alikuwa bibi mmoja aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo kuishi na mjukuu wake, mwembamba, mwenye vidole virefu, rafiki wa mama. Rafiki kwa sababu hakumdai mama kukumbuka chochote. Walifunga kamba pamoja, huyu anavuta, yule anakaza, bila kusemezana, na nilipowaangalia nilishangaa jinsi vidole vya mama vilivyokuwa na akili zao wenyewe. Mbele ya mlango tulimsimamisha ngamia wa mizigo, tuliyemkodi kwa mchungaji mmoja wa makamo, ili wageni wapige naye picha. Alitafuna, akatutazama kwa dharau.

Wageni walisema watafika baada ya alasiri. Alasiri ikapita. Tukajinyoosha kidogo mikekani, tukiwangoja, joto limetulia juu yetu zito. Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Ulitoka kusini, upande wa Kotile, umebeba harufu ya udongo uliolowa. Wote tuliisikia. Hakuna aliyesema, kana kwamba ukisema itakimbia. Kule mbali, juu ya vichaka vya mathenge, palikuwa na wingu la rangi ya wino, na ndani yake umeme ukafumba na kufumbua.

Mama akaketi. Akatazama. Kisha akainuka bila kushika magoti, akaenda kwenye herio, akafungua fundo la kwanza.

"Hooyo, hapana," nikasema. "Hapana, hapana. Leo si hapa. Wageni wako njiani!"

Hakunisikia. Bibi wa Ifo alikuwa amekwisha kusimama. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei ya sukari, "Imepiga wapi?"

"Kule," mama akasema, akaelekeza kwa kidevu. "Tukichelewa, wengine watatutangulia kwenye majani."

Bibi wa Ifo akashika fundo la pili. Bibi huyu alikimbia kwao ujanani na bunduki nyuma yake, na tangu siku ile hakuwahi kuhama kwa kupenda. Nilimwona usoni. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nyuma yake wakaja wengine, wale wa presha, wale wa sukari, hata yule aliyekuwa akibebwa kila asubuhi kutoka kwenye tuktuk. Hakuna aliyeamrishwa. Mikeka ilishuka mmoja mmoja ikakunjwa, fito zikatoka ardhini, kamba zikazungushwa kiwikoni na begani. Nesi alikuja mbio akipiga kelele, "Mwalimu, waambie! Wataanguka!" Nami nikapaza sauti yangu ya darasani, ile iliyonyamazisha shule nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu haikumnyamazisha mtu.

Nikamgeukia mwenye ngamia. Angalau huyu ana akili timamu, nikasema moyoni. "Ondoa ngamia wako," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu cha aibu. "Mwalimu, nyumba ni ya wanawake," akasema. "Wakiifungua, mimi kazi yangu ni kulaza ngamia." Akapiga ulimi, akavuta kamba, yule mnyama akapiga magoti akiguna, na wanawake wakaanza kupakia. Fito huku na huku, zikipinda juu ya nundu, kisha mikeka, kisha vyombo vya maziwa vya kusukwa, kila kimoja mahali pake.

Nilikasirika. Siwezi kuficha. Kazi yangu ya siku nyingi ilikuwa mgongoni mwa ngamia. Nilisimama katikati ya ua mtupu, mikono kiunoni, machozi ya hasira yananichoma, mama alipokuja moja kwa moja hadi mbele yangu. Hakuwa na lile tabasamu la wageni. Alikuwa na uso wa mwanamke mwenye kazi. Akanichukua mkono, akaufungua, akaweka kamba ya ngamia ndani, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Shika, hooyo," akasema. "Usivute. Wewe tembea tu, atakuja."

Ndivyo alivyoniambia nilipokuwa binti mdogo, kabla sijaletwa mjini kusoma. Kwetu ndiyo iliyokuwa kazi ya msichana wa kwanza, kutangulia na kamba. Nikatembea tu, naye ngamia akaja.

Tulitoka langoni. Mimi mbele na ngamia, nyuma yangu wanawake kwa madira yao yanayopepea, nyuma yao wazee wa shax, kisha nesi na mkoba wake wa presha. Upepo ulitupiga usoni taratibu. Punda wa muuza maji alisimama kutupisha, magari yakasimama, na watu wa madukani wakatoka mlangoni kututazama. Sijui tulitembea muda gani. Nilihisi mchanga chini ya viatu vyangu kuwa ule mchanga mwingine, na nikitazama chini nilitarajia kuona miguu yangu midogo, peku, imejaa vumbi.

Nyuma nilisikia gari la wageni limefika langoni na mtu mmoja mwenye sauti nzito akiuliza herio iko wapi. Mtu wa Lafey akamjibu, "Imehama, bwana mkubwa. Bole sana. Fuateni nyuma, bolebole." Nao, Mungu awabariki, wakafuata na viatu vyao vya ngozi.

Kwenye kiwanja kitupu karibu na mto mama akasema, "Hapa." Mwenye ngamia akamlaza mnyama wake, na wanawake wakaishusha nyumba na kuisimamisha upya. Matone ya kwanza yalianguka yakiwa mazito, machache, kila moja likichimba kishimo chake kwenye vumbi. Bibi wa Ifo alitoa ulimi nje akalidaka moja. Watoto wa shule, waliokuwa wametufuata kutoka kituoni wakiwa wameambiwa watulie, hawakutulia. Mimi nilibaki nimesimama kando ya ngamia na kamba mkononi. Nilikuwa nalia, na sikuona haya, kwa kuwa nyuso za wote zilikuwa zimelowa.

Mama aliingia ndani, akakagua, akatoka. Akaangaza macho huku na huku, mvua ikimtiririka usoni, akaja mpaka nilipo. Akasimama kwa heshima, mbali kidogo. Nikaliona lile tabasamu la wageni likirudi.

"Mwalimu," akasema, "samahani nikusumbue. Umemwona binti yangu? Nilimpa kamba, na mvua ndiyo hii."

Nilimtazama mama yangu. Nilitaka kumwambia, ni mimi, ni mimi hapa, tazama. Nimemwambia hivyo jioni nyingi, na kila mara humtia hofu.

"Nimemwona," nikamwambia. "Amefika salama. Kamba hakuiachia hata kidogo."

Mama akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. "Huyo hawezi kuiachia," akasema. "Ukimwona tena mwambie aingie ndani, asilowe."

"Nitamwambia."

Akarudi kwa wenzake. Nikampa mwenye ngamia kamba yake, nikainama kwenye mlango wa herio, nikaenda kuketi pale wanapoketi watoto.