Kiingereza cha Kuchekea

Shemeji yangu Tadei alikuwa mjinga. Ninalisema hilo bila kuomba radhi kwa mtu, maana Eufrasia, mkewe, ni dada yangu, na kati ya mashemeji ulimi hauna mpaka. Mimi nilimwita chura wa Mahenge mbele ya watoto wake, yeye akaniita domo pana, tukala sahani moja. Mgeni angedhani tunachukiana.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, alikuwa mpishi wa Bwana Haksi, Mwingereza aliyeletwa Ifakara kupima mto Kilombero. Lakini sufuria hazikuwa ndoto yake. Mzee Donati, mkalimani wa baraza la serikali, alikuwa amezeeka na masikio yameanza kumkataa, na watu wote walijua kwamba kiti chake kitatafuta mtu. Tadei alikitaka kiti kile kuliko alivyotaka mbingu. Shule aliishia darasa la nne kule misheni, basi. Eufrasia alipomkumbusha hilo, alijibu, "Mke wangu, Kiingereza hakiulizi darasa. Kinauliza ulimi."

Ulimi wenyewe aliupata kwenye redio. Bwana Haksi alikuwa na redio kubwa ya betri, na usiku wa manane, wakati Ifakara nzima imelala na mbu ndio walio macho, aliifungulia stesheni ya Uingereza kusikiliza wachekeshaji wa kwao. Tadei alimletea chai, akakaa kwenye ngazi ya baraza ya nyumba. Mchekeshaji mmoja aliiga sauti ya waziri wa serikali, mwingine akaiga askofu anayehubiri kufunga huku anatafuna. Usiku wa kwanza, bwana alipomweleza kinachosemwa, Tadei alifanya ishara ya msalaba na kukimbilia jikoni. Askofu! Sisi tulikuwa tukipiga magoti hata tukisikia pikipiki ya padri.

Usiku wa pili alirudi. Mzungu yule alikuwa mpweke, nadhani, na mpweke hachagui wa kucheka naye. Alikuwa akimweleza Tadei neno moja moja: hili ni la mtu anayejivuna, hili la mwongo mwenye joho, hili la mtawala asiyejua analotawala. Asubuhi Tadei aliyarudia kwa sauti ileile ya redio huku akichambua mchele. Hipokriti, yaani mnafiki. Hambagi, yaani laghai. Kuku wakitawanyika.

Kisha akaanza kufikiri, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Akaniambia, "Shemeji, nimewagundua Waingereza. Wana utani kama sisi. Yule mtu anamtukana waziri, nchi nzima inasikia, na kesho hafungwi. Anamtukana askofu, hatengwi na kanisa. Sasa hao si watani ni nini?"

Nikamwambia, "Watani wao. Wewe wamekuhesabu lini?"

"Bwana Haksi ananiita mzee wa sufuria, mimi namwita tumbo la serikali, anacheka mpaka anakohoa. Na juzi mkubwa alikuwepo, akacheka pia."

Mkubwa huyo ndiye mtu wa serikali tuliyemwita Bwana Kidevu. Ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kiti cha Mzee Donati. Alipita kwa bwana mara kwa mara, akaisikiliza redio ile kwenye baraza ileile, na Bwana Haksi alikwisha kumwambia, "Mpishi wangu ndiye mkalimani wako ajaye." Tadei aliyasikia kwa masikio yake. Alirudi nyumbani akaomba apigiwe pasi shati.

Mvua za masika zilipoufurisha mto, kiboko aliupindua mtumbwi wa Bwana Haksi upande wa kwenda Malinyi. Wavuvi wa Kindamba walimtafuta, wakaukuta mwili wake umenasa kwenye matete. Tadei alimwosha yeye mwenyewe. Hakula.

Usiku ule Eufrasia alimwambia mbele yangu, "Kesho Bwana Kidevu atakuwepo. Simama nyuma, vua kofia, nyamaza. Kiti chako kiko mdomoni mwake."

"Na nani atamzika?"

"Wazungu wenzake."

"Wale ni ndugu. Mtu hazikwi bila mtani, Eufrasia. Unataka aende hivihivi kama mbwa?"

Kwetu mazishi bila mtani ni aibu. Mtani ndiye huigiza mwendo wa marehemu na kumtukana, huziba njia ya jeneza mpaka apewe chochote, hata kuku, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, wakapata pumzi ya kuendelea kuishi. Mimi nililijua hilo. Hata hivyo nilimwambia akae kimya. Niliwajua Wazungu kwa kuwafulia, si kwa redio.

Padri wa dhehebu lao hakuwepo, kwa hiyo Bwana Kidevu mwenyewe alishika kitabu cha sala. Jeneza lilipofika karibu na kaburi, Tadei akatoka mbele. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, tumbo kalitanguliza, fimbo ya kupimia maji begani. Akatembea kama Bwana Haksi hasa, mguu wa kushoto akiuvuta. Akasimama katikati ya njia, na kwa sauti ya redio, kwa Kiingereza ambacho Mwafrika wa bonde lile hakuwahi kukisema, akamwita marehemu hambagi, tumbo la serikali, mwongo aliyekuja kuupima mto, mto ukampima yeye. Akanyoosha mkono, akadai kuku ndipo wapite.

Wavuvi hawakujua maneno, lakini mwendo waliujua. Wakaangua kicheko, kisha wakalia. Nami nililia. Wazungu walisimama kama miti. Bwana Kidevu alifunga kitabu, akamwita askari.

Wakampeleka barazani kesho yake. Bwana Kidevu alikataa kusikia Kiingereza chake tena. Akaagiza aulizwe kwa Kiswahili, kupitia kwa Mzee Donati.

"Tadei mwanangu," akasema mzee, "mkubwa anauliza ulikuwa umelewa?"

"Shikamoo, mzee. Mwambie sikulewa. Marehemu alikuwa mtani wangu. Mwambie nilimpenda."

Mzee Donati akageuka, akasema Kiingereza. Tadei ndiye aliyetueleza baadaye alichosema mzee: mtu huyu alilewa, anajuta, anawaomba mabwana wote msamaha. Mzee wa watu alikuwa anamwokoa. Bwana Kidevu akalegea uso, akatikisa kichwa taratibu. Dada yangu akashusha pumzi. Tadei alibakiwa na jambo moja tu la kufanya: kuinama.

Hakuinama. Alikataa kuwa mlevi kwenye kaburi la rafiki yake. Alitaka kusema Kiingereza, aseme mwenyewe kwamba ana uchungu, lakini neno halikuja. Redio haikumpa neno hilo. Alikuwa na ya kudhihaki tu, na hayo ndiyo yaliyotoka: Mzee Donati hipokriti, maneno yake yote hambagi. Mzee akatazama chini. Bwana Kidevu alimfukuza barazani, na kiti akapewa Marselino, karani ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa kuitikia "Yesi, sa."

Njiani kurudi nyumbani Kibaoni Eufrasia alitangulia, hakutaka kumtazama. Mimi nilikuwa na matusi yake tayari kinywani. Tadei akanishika mkono.

"Shemeji, bwana alinifundisha namna wanavyochekana tu. Wakifiwa, wanasema nini?"

 Nikamwambia nguo zao za msiba nimezifua, maneno yao sijayasikia.