Simoni wa Kirene Haanguki

Nichekeni sasa hivi mmalize, ndipo niwasimulie, maana aibu hii nimeibeba tangu Pasaka na mpaka leo watoto wa hapa mtaani kwetu Lizaboni wakipita mbele ya cherehani yangu wananiita Simoni.

Mimi nina sonona (mara ya kwanza kuitamka nilidhani ulimi utaanguka, siku hizi naitamka kama mtu anayesema ana cherehani mbili). Mwaka jana nilikaa wiki nyingi silali, sishiki kazi, nalia bafuni, mpaka mke wangu, Mama Imma, akanipeleka hospitali, daktari akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi, akasema kitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kweli kikaonyesha. Nikarudi kazini, nikarudi kwaya. Sasa mtu akishapata nafuu, si ndipo akili zinamtoka?

Jumapili ya Matawi, kwenye jumuiya, kila mtu alitaja alichojinyima Kwaresima: huyu pombe ya ulanzi, yule sukari, mwingine umbeya (huyo tulimtazama tu). Zamu yangu ilipofika nikasema nimeacha kitu, ila ni siri yangu na Mungu. Uongo mtupu. Pombe sinywi, sigara sivuti, nyama yenyewe ni ya sikukuu. Njiani nikawa natafuta cha kuacha ili nisiwe mwongo, nikaona ninachotumia kila siku bila kukosa ni kile kidonge, na mbona najisikia mzima? Kesho yake nikakiacha, bila kumwambia Mama Imma wala daktari, nikajiona mtakatifu.

Jumatano kichwa kikaanza kupiga shoti kila nikigeuza macho, usingizi ukahama, machozi yakarudi bila hodi. Nikasema ndiyo mateso yenyewe haya, nayatoa sadaka.

Ijumaa Kuu huwa tunaigiza Njia ya Msalaba barabarani. Gaudensi, dereva wa bodaboda, alikuwa Yesu, mimi Simoni wa Kirene wa kumsaidia kubeba. Kituo cha tano nikaupokea msalaba wa mti mbichi, hatua kumi tu dunia ikazunguka, nikaenda chini na msalaba juu yangu. Sasa mnajua, anayeanguka ni Yesu. Simoni haanguki kituo chochote. Lakini waumini walidhani ni ufundi, akina mama wakapiga magoti, kwaya ikaongeza sauti, na askari wa Kirumi akanicharaza fimbo mbili kama alivyofundishwa mazoezini. Yesu akainama, akaninong'oneza.

“Baba Imma, inuka. Hii haipo.”

“Gau, siwezi.”

Mama Imma alishafika, akanishika uso mbele ya parokia nzima.

“Dawa zako za sonona umekunywa?”

(Sauti yake haihitaji kipaza sauti.) Nikamwambia nimeziacha kwa ajili ya Kwaresima. Hakunigombeza, alilia, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, maana mwaka jana aliwahi kuificha mikasi yangu yote kwa jirani, na mimi nilikuwa nimeshasahau, yeye hajasahau.

Nilifika hospitali kwa bodaboda, Yesu mwenyewe anaendesha. Daktari akauliza nani kaniruhusu kuacha.

“Nilijisikia nimepona.”

“Unajisikia hivyo kwa sababu unakunywa. Siku ya kuacha ikifika tutapunguza pamoja, kidogo kidogo.”

Nikauliza kama ninywe vyote nilivyoruka kwa mpigo, nifidie. Akavua miwani.

“Kimoja, baba. Vilivyopita vimepita.”

Baada ya Pasaka nilifungua kibanda nikijua mtaa mzima una habari zangu. Mteja wa kwanza alikuwa yule askari wa Kirumi, kaleta suruali isiyo na tatizo lolote. Akaigeuza, akaigeuza tena, halafu akauliza kwa sauti ya chini.

“Kaka, hospitali pale, kwa ugonjwa kama wako, mtu anaanzia dirisha gani?”

Nikasimamisha cherehani, nikafunga kibanda, nikampeleka mwenyewe. Kwaresima ijayo naacha sukari, na kidonge changu nakunywa.